Watu Wenye Kuzima Moto

Mujukuu wangu Furaha alimwanga maji mu babula yangu, ile jiko ya makaa, wiki iliyopita, ju alitaka kutoa majivu haraka arudie ku muchezo yake. Makala ikalia, mvuke mweupe ikapanda mupaka ku paa, na ile harufu ikaniingia mu pua. Harufu ya moto yenye kuuawa na maji. Wenye wanapikia gaz hawaijue tena. Sisi wenye tulikomalia karibu na mafiga tunaijua: inafanana na nyumba yenye mvua iliingia mu paa, watu wakikuwa wameshahama.

Nikamuambia, "We mutoto, kwetu moto haimwangiwake maji. Unaizika mu majivu, asubui unaifufua."

"Pole, Koko," akasema, na alishafika ku mulango.

Sikumukasirikia. Nilibaki nimekaa pale mu jikoni, mukono ku magoti, na ile harufu. Niko muntu wa kazi, sina desturi ya kukaa bule mu mchana. Lakini siku ile nilikaa.

Wenye umri wangu njo niko naandikia, hawa watanielewa pasipo maelezo mingi. Klase yangu iliishia fasi ya chini sana, na kusoma vizuri nilifundishwa na mifuko ya chumvi na karatasi ya sabuni. Depo yangu hapa Kashebere nilijenga mimi mwenyewe, ubao kwa ubao, hakuna muntu alinishika mukono. Kwa hiyo kama maneno yangu haikupangwa vizuri, soma tu, utafika.

Muchezo ya Furaha iko mu ordinatere, ile kompyuta ya kubeba. Masomo ilisimama kule mujini, mama yake akamutuma kwangu, naye akakuja na ile mashine mu kifuko kama vile mama anabeba mutoto. Mchana pano ya jua ku paa inamupa umeme ya kutosha, anakaa ku meza ya depo, kati ya mifuko ya maharagi na katoni ya sabuni, anacheza. Aliniambia muchezo hii iko ya tatu. Ya kwanza na ya pili alishamaliza, na watu ni wale wale.

Nikaenda kuangalia. Niliona kijiji mu milima, ukungu mingi, barabara ya matope. Kama haikuwa zile nyumba ya mawe ningesema ni kwetu Masisi. Mu ile kijiji muko watu wenye kuvaa nguo ya rangi ya majivu, wamefunika uso. Mukubwa wao anavaa kinyago ya ganda ya muti, haina macho, na anapiga kengele. Wanapita nyumba kwa nyumba wanazima taa, wanazima mishumaa, wanazima jiko. Imani yao ni hii: siku moto ya mwisho itazimika, mbingu itafunguka na dunia itaisha, na wao peke yao wataingia. Kuko binti moja mwenye kiberiti kidogo mu mufuko. Furaha njo anamutembeza. Wakimukamata, wanamupulizia usoni naye anakufa, anaanza tena.

"Koko, usiangalie, utaogopa," Furaha akasema.

"Banakulaka nini, hawa?"

"Nani?"

"Hawa wa kengele. Jiko yote banazima. Banakulaka nini?"

Akasimamisha muchezo, akageuka. "Koko, iko muchezo tu. Hawakulake."

"Basi mwenye kuitengeneza hajuwe kitu. Mimi nilikuwa mutoto wa watu kama hawa. Kwanza, hawakuwa na kengele."

Alicheka. Alidhani niko namutania. Lakini nilikuwa nasema ukweli, na sasa nitausema wote.

Nyumba yetu ilikuwa ku mulima moja ya Masisi, mashamba ya maharagi kushuka mupaka ku kijito, muhogo upande wa chini kwenye kuko joto kidogo. Asubui kule ni baridi, nyasi inalowana kama ilifuliwa. Kitu ya kwanza ya siku ilikuwa moshi. Unatoka inje, unaona moshi inapita mu majani ya kila nyumba, inalala juu ya mulima, na unajua nani ameamuka na nani bado. Kama moto yenu ilikufa usiku, mama anakutuma kwa jirani na kigae, unapewa makala mbili tatu juu ya majivu, unarudi mbio ukigeuzia upepo mugongo. Hakuna mwenye kunyima moto. Hata wenye kugombana walipeana moto, wakaendelea kugombana kiisha.

Juu ya mafiga yetu Papa alifunga kitanda ya miti, na pale njo kitunga ya mbegu ilikaa. Maharagi ya kupanda, yenye kuchaguliwa moja moja, yenye kuchanganywa na majivu. Moshi ilikuwa inapita mule mchana na usiku. Kitunga ilikuwa nyeusi, yenye kungaa kama viatu ya padri. Kugusa ilikuwa mwiko kwa sisi watoto. Mama alisema mule njo mwaka wenye kuja unalala.

Halafu ndugu yangu mudogo alikufa. Jina yake Mose. Alikuwa hajatembea bado. Homa ilimushika tukiwa mu kazi ya kulima, na njia ya kufika kwa munganga ilikuwa ndefu. Papa alimubeba mugongoni kama mwanamuke, akarudi naye vilevile. Kutoka siku ile Papa alianza kukaa inje ya nyumba akiangalia chini.

Kisha akakuja muhubiri moja, Papa Ezekieli. Alipanda kutoka upande wa Walikale, aliwahi kuwa seremala kule Kibua, vidole yake ilikuwa na alama ya musumeno. Alisema polepole. Wakati anahubiri alikuwa analia, si kwa makelele, machozi inashuka tu naye anaendelea kusema kama haione. Watu walimupenda. Mimi pia nilimupenda, alikuwa ananishika kichwa na kuniuliza kama nililala vizuri. Kinyago hapana. Alikuwa na uso ya muntu mwenye unaweza kumupa mutoto wako amushike wakati unafunga muzigo.

Alifundisha kwamba mwisho uko karibu sana. Alisema Mungu atashusha moto yake mwenyewe, na nyumba yenye iko na moto yake ni nyumba yenye inasema haihitaji ya Mungu. Kwa hiyo kila mwenye kungoja azime mafiga yake. Jembe pia aweke chini, ju nani analima shamba yenye atahama kesho? Na aliongeza neno moja, nafikiri aliisemea Papa wangu peke yake hata kama tulikuwa wengi: siku ile, wenye walizika watoto wao watawapokea mukononi.

Papa alirudi nyumbani, akabeba kibuyu ya maji, akamwanga ku mafiga. Njo siku nilijua ile harufu.

Mama alisimama ku mulango. Akasema tu, "Papa Mose." Alikuwa anamuita bado na jina ya yule mutoto.

"Atarudia," Papa akasema. "Unataka atukute sisi tuko hatukuamini?"

Sijui alifikiri nini. Alikuwa na maziwa bado mu kifua, ilikuwa inalowesha nguo yake, na muntu wa hali ile ukimuambia mutoto wake anarudi, atanyamaza.

Mulima ulibadilika. Asubui, moshi ikapungua nyumba kwa nyumba, mupaka ikabaki moja tu, kwa Mama Sifa, mujane mwenye alikaa upande wa pili wa kijito. Yeye alikataa. Alisema kwa sauti, watu wote wakisikia, "Mimi niko na meno tatu. Muhogo mubichi nitaikula na nini?" Wenye Kungoja, ile njo ilikuwa jina yao, jina yetu, wakaacha kumusalimia. Tulipita mbele yake kama mbele ya muti.

Tulikula ndizi yenye kuiva, avoka, muhogo tamu bila kupika, maziwa ya jirani mwenye ng'ombe. Tumbo yangu ilikuwa inaimba. Na kuko kitu yenye nakumbuka zaidi: sufuria. Wenye Kungoja walisugua sufuria zao na muchanga ya kijito mupaka chini ikangaa kama uso ya maji. Wakikutembelea, salamu ikiisha, wanashika sufuria yako na kuigeuza. Wakiona chini iko nyeusi, wanajua umepika. Hawakupige, hawakutukane. Wanairudisha polepole tu, wanasema "tutakuombea," na kutoka pale unakuwa peke yako. Mama alisugua yetu mupaka vidole ikatoka damu. Mpaka leo muntu akigeuza sufuria yangu, mwili yangu inasisimuka.

Mimi kama mutoto nilipanga mambo mu kichwa yangu vile niliweza. Niliamini moto ya Mungu itaanzia kwa Mama Sifa, ju yeye njo mwenye zambi. Kila asubui nilitoka kuangalia kama nyumba yake imeungua. Ilikuwa inasimama. Moshi inapanda, harufu ya maharagi inavuka kijito inakuja kutukuta, na mimi nilikuwa nakasirika: Mungu anangoja nini? Na kitu ingine ilinisumbua, sikuuliza muntu. Mose akirudia, atakuwa na baridi, ametoka mu udongo. Mama atamuogesha na maji gani ya moto?

Siku moja mvua ilinyesha mchana. Papa na wengine walikuwa ku fasi ya kungoja, nyumba moja ya majani juu ya mulima kwenye waliimba. Waliimba vizuri, siwezi kusema uongo. Sijasikia tena watu wenye kuimba vile. Mama alikuwa ku kijito. Mimi nilikuwa peke yangu mu jikoni, karibu na mafiga yenye kufa, na mvua ikasimama. Njo nikasikia.

Ilikuwa sauti kidogo sana. Kama mvua nyembamba juu ya majani ya ndizi yenye kukauka, lakini mvua ilishasimama. Kama mutu anasaga kitu mbali, chini ya mulima. Nilipanda ku jiwe ya mafiga, nikaweka sikio ku kitunga, mwiko wala si mwiko. Sauti ilikuwa mule ndani. Na mimi nikajua kabisa: mwisho umefika. Papa Ezekieli alisema utakuja kama mutu mwenye anaingia pasipo kugonga, na sasa umeingia, na umejificha kwetu mu mbegu.

Nilishuka mbio mupaka ku kijito, matope ku magoti.

"Mama, mwisho umefika."

"Wapi?"

"Mu kitunga. Iko nasema."

Mama hakucheka. Aliacha nguo ku jiwe, akapanda na mimi, akasimama juu ya mafiga, akaweka sikio pale niliweka yangu. Niliona uso yake. Sijawahi kuona uso ya muntu inaamuka vile, kama alikuwa analala na macho wazi kutoka siku ya kuzika mutoto.

Akateremusha kitunga, akamwanga mbegu ku kirago. Maharagi ilikuwa na matundu. Nyingi, nyingi. Unga mweupe ikamwangika, na vidudu vidogo rangi ya majivu vikaanza kutembea kila upande. Moshi ikikosekana, vidudu vilipata amani. Wakati sisi tulikuwa nangoja, vyenyewe vilikuwa nakula mwaka wetu.

"Huu njo mwisho?" nikauliza.

"Njo huu," Mama akasema. "Kamata kigae. Enda kwa Mama Sifa, umuombe moto."

Nilikataa. Nilimuambia nyumba ile itaungua na mimi ndani. Mama akanishika mabega, akasema polepole, "Kuungua njo hii, kukosa kitu ya kukupa ukule. Enda."

Nilienda. Mama Sifa alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Aliniangalia, akaangalia kigae, akachukua wakati yake.

"Eee. Watu ya mbinguni wanaomba moto kwa mwenye zambi?"

Nikamunyoshea kigae.

"Mama yako amekutuma, ao unaiba?"

"Amenituma. Mwisho iko mu maharagi yetu."

Hapo alielewa. Alikuwa mukulima, hakuhitaji kuelezwa. Akaacha kutania. Aliweka majivu mu kigae, akachagua makala mizuri, yenye kuwaka ndani. Akanipa na maharagi kidogo yenye kuiva mu jani ya ndizi. "Hii ukulie hapa, kabla ya kutembea. Mutoto wa njaa anaangusha moto." Nilikula nikiwa nimesimama. Nikaangalia paa yake, nikingoja ianguke. Haikuanguka.

Kuvuka mulima na moto, mchana, kila muntu ananiona. Wale walikuwa ku fasi ya kungoja waliacha kuimba. Mama alikuwa alishapanga kuni na majani makavu, akachukua makala, akapuliza. Moshi ikapanda mu paa yetu, ya kwanza kutoka wakati ule, na hata leo ningeweza kukuchorea ile moshi.

Papa alifika, Papa Ezekieli nyuma yake, na watu wachache. Papa Ezekieli aliingia, akasalimia Mama na heshima, akashika sufuria yetu, akaigeuza. Ilikuwa ingali nangaa. Akaiweka.

"Mama, moto hii ni ya nini?"

"Ni ya mbegu, Papa. Sijapika bado. Lakini nitapika."

"Unamukataa Bwana kwa ajili ya maharagi?"

"Simukatae. Akuje hata sasa, mulango iko wazi." Mama aliteka mbegu yenye matundu mu mikono mbili, akazitia mu mukono ya Papa wangu, si ya muhubiri. "Papa Mose. Ulisema mutoto atarudia. Mimi niliamini. Kiisha sasa uniambie: akirudia, nitamulisha nini? Nitamuogesha na maji ya kijito?"

Lile swali lilikuwa langu, nilikuwa nimelificha, na Mama alikuwa nalo pia. Papa aliangalia mukono yake. Kidudu moja kilitoka mu haragi, kikatembea ku kidole yake mupaka ku ukucha. Alikiangalia kikitembea.

Akapiga magoti. Nilifikiri anaomba. Lakini alivuta kirago karibu na moto, akaanza kuchagua: yenye tundu huku, nzima huku. Papa Ezekieli alingoja kidogo. Kisha akamuwekea mukono ku bega, na alikuwa analia vilevile kama siku zote, akatoka. Mama akaketi upande wa pili wa kirago. Walichagua mupaka giza ikaingia, na nilikuwa nasikia mbegu nzima ikianguka mu kitunga, moja, na ingine, na Papa akipangusa pua.

Nzima ilikuwa kidogo. Tulipanda ile kidogo. Mwaka ule tulikula muhogo na majani, nilikonda, lakini tulivuna mbegu ya mwaka wenye kufuata. Jirani wamoja walikuja kuomba moto kwetu, walikuja pembeni pembeni kama wanatafuta mbuzi. Mama alimupa kila mutu. Wengine walishuka na Papa Ezekieli mupaka mu pori nyuma ya Kibua, wakangojea kule. Wakarudi wamekonda mifupa, hawakutaka kusema. Yeye hakurudi. Papa hakumusema vibaya hata siku moja, na mu jioni ya baridi alikuwa anaimba zile nyimbo zao, polepole, miguu ku moto.

Nilivyokuwa mukubwa nilibeba maharagi ku mugongo kutoka Masisi kushuka hapa Kashebere, nikauza kwa wenye kuenda kuchimba madini ku mashimo ya mawe kule Bisie, nikarudia, nikabeba tena. Watu wanauliza siri. Hakuna siri. Sikungoja.

Yote hii nilimuambia Furaha, si siku moja. Aliacha kucheka pale kwa kidudu ku ukucha. Juzi alikuwa anacheza, yule binti wake ameingia mu nyumba moja tupu, kiberiti imebaki kijiti moja, na kengele inakaribia.

"Koko, nifanye nini? Nikimbie?"

"Mu ile nyumba muko jiko?"

"Iko."

"Washa."

"Wataniona."

"Wakuone."

Akawasha. Sijui kama muchezo inaruhusu muntu ashinde vile, sikungoja kuona. Nilikuwa na kazi mu jikoni. Kiisha kidogo akanifuata, akasimama chini ya kitunga yangu. Ndiyo, niko nayo bado, juu ya mafiga ya nyuma, wenye gaz wanicheke. Iko nyeusi kama ile ya Mama.

"Naweza kusikiliza?" akauliza.

Nikamusogezea kiti. Akapanda, akaweka sikio, akafunga macho. Moshi ilikuwa inamupita ku shingo, akakohoa, akarudisha sikio tena. Mimi nilisimama pale na kijiko mu mukono, na nawaambia ukweli, nilikuwa naogopa kama mutoto.

"Koko," akasema, "sisikie kitu."

"Sikiliza vizuri."

Akasikiliza.

"Hakuna. Kimya tu."

"Basi shuka," nikamuambia, "ukuje tukule."